Likizo Yetu Nje ya Minyaa

Nilipokuwa mtoto tulikwenda likizo ya shamba mara moja tu, na shamba lenyewe tuliliona kupitia matundu ya uzio.

Nianze na majina, maana bila majina jambo hili halieleweki. Baba yangu aliitwa Dominiko Masunga, dresa wa zahanati ya misheni huku Somanda. Wakati wa Mwingereza dresa ndiye aliyefunga vidonda, akagawa vidonge na, nesi asipokuwepo, akazalisha. Mama aliitwa Tereza Minza. Mimi nilibatizwa Anselmi, lakini nyumbani nilikuwa Mabula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha. Aliyenifuata ni dada yangu Limi. Kisha wakaja mapacha, wavulana, na kwa mapacha sisi Wasukuma huwa hatuhangaiki kutafuta majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, basi.

Padri aliwabatiza Kosma na Damiano, akatueleza kwamba hata hao watakatifu walikuwa mapacha. Baba alifurahi sana. Tangu siku hiyo alikataza Kulwa na Doto kutajwa ndani ya nyumba yetu. Alisema hayo huanza kama majina na huishia kwenye ngoma.

Ngoma aliyoisema ni ile ya kuwaosha wazazi wa mapacha. Kwa imani ya wazee wetu, kuzaa wawili kwa mara moja ni jambo zito, linagusa mvua na mbegu. Wazazi hao na watoto wao wote hawakanyagi shamba lililopandwa, hawaingii mji, yaani boma la familia, wenye zizi, wala hawanywi maziwa ya ng'ombe wa mji huo, mpaka wanyunyiziwe dawa. Wakikaidi, mvua hupita pembeni. Na dawa hiyo huendana na nyimbo za matusi ambazo sitaziandika hapa. Mkristo aliyesimama kwenye ngoma hiyo alifungiwa sakramenti. Leo mapacha wanazaliwa hospitali iliyo karibu na kwangu, mama yao anapakiwa kwenye bodaboda na kurudishwa nyumbani, na mara nyingi jambo linaishia hapo. Wakati ule halikuishia hapo.

Mapacha walipoanza kukaa bila kushikiliwa, baba alipata likizo yake ya mwezi wa Desemba. Siku hizo hizo tulikuwa tumepata habari kwamba bibi, mama yake mama, kifua kimemkamata. Bibi aliitwa Milembe, na aliishi Lingeka, upande wa Meatu, kwa mwanawe Nkinda, ndiye mjomba wangu. Mama hakuwa amekanyaga kwao tangu Limi azaliwe. Aliomba twende wote. Mimi na Limi tuliambiwa habari za shamba kubwa la pamba na mtama, na za ndama watakaotulamba mikono, na za maziwa ya kunywa mpaka tuseme basi. Njia nzima, ndani ya lori na baadaye kwa miguu, Limi alikuwa akiniuliza kama nadhani ataweza kukamua.

Mjomba Nkinda alitupokea barabarani. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo alituzungusha kwa njia ndefu, kando kando ya mashamba, na kila mara alikuwa akigeuka kuangalia miguu ya mama inakanyaga wapi. Mtama ulikuwa umechipua, urefu wa kidole. Baba aliona, akakaza mwendo.

Mji wa mjomba ulizungushiwa minyaa iliyopandwa ikabanana, na pengo moja la kuingilia. Kwenye pengo hilo bibi alikuwa amesimama na fimbo yake. Chini, kukatisha pengo, ulikuwa umelazwa mpini wa jembe.

"Mwadila, mayu," mama alisema, akipiga goti kumsalimia mama yake.

"Mwadila, Minza. Mhola?"

"Mhola."

"Simama hapo hapo, mwanangu." Bibi alikohoa kwanza, kisha akaendelea. "Nimesikia umezaa wawili. Ni jambo kubwa. Wameoshwa?"

"Wamebatizwa, mayu."

"Sijauliza hilo."

Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani, kwa hiyo bibi alimpa baba ubavu na kumsemesha kupitia kwa mjomba. "Nkinda, mwulize mwenye watoto kama yeye ameoshwa."

"Mwambie mayu nimeoga jana kwa sabuni," baba alisema.

"Hana haja ya kuambiwa, shemeji," mjomba alijibu. "Kifua ndicho kibovu, siyo masikio."

Bibi hakucheka. Alimtazama mama muda mrefu, akawatazama mapacha, mmoja kifuani na mwingine mgongoni. Niliona mkono wake unanyanyuka, kisha ukarudi kwenye fimbo. "Watalala kwenye kibanda cha pamba," alisema. "Siku mwenye watoto atakapokubali kuoshwa, mlango huu ni wao."

Kibanda cha pamba kilikuwa nje ya uzio, kando ya njia, mahali mavuno yaliposubiri kubebwa kwenda kuuzwa. Wakati ule kilikuwa kitupu, ila nyuzi za pamba zilikuwa zimenasa kwenye miti ya ukuta, na usiku zilituingia puani tukapiga chafya. Hiyo ndiyo ikawa likizo yetu. Lori la kurudi lingepita baada ya majuma mawili.

Sikuwahi kuona mahali pa karibu ambapo ni mbali vile. Asubuhi tulisikia maziwa yanavyolia ndani ya kibuyu. Tulisikia ng'ombe wanavyotoka, na vumbi lao lilitufikia, lakini walipitishwa upande wa pili. Tulichopewa ni ugali na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai isiyo na maziwa. Watoto wa mjomba walikuja kwenye pengo wakiwa na masharubu meupe ya maziwa.

"Nyie watu wa zahanati," mmoja wao alisema, "njooni muone ndama amezaliwa."

Limi akasimama.

"Aa, kumbe ninyi hamruhusiwi. Basi tutawaelezea. Ana kichwa, ana mkia."

Limi akakaa tena. Alikuwa mtoto wa kuangua kilio kwa neno dogo, lakini pale hakulia. Alichukua michembe akaitafuna kwa sauti, akiwaangalia.

Baba alikaa kwenye kigoda mbele ya kibanda, ameligeuzia shamba mgongo, akisoma kitabu chake cha sala. Mjomba alikuja kumchokoza kila siku, na nadhani uchokozi ule ndio uliowafanya waendelee kusemezana.

"Shemeji, tangu uje hatujaibiwa hata kuku. Nataka nikuajiri ulinde njia."

"Mshahara?"

"Michembe."

"Basi nimeshaanza kulipwa."

Mama hakuwa na mizaha. Kila alasiri bibi aliletewa kigoda chake upande wa ndani wa uzio, na mama aliketi upande wa nje, minyaa katikati yao. Minyaa ina utomvu unaopofusha, kwa hiyo hawakuweza hata kupenyeza vidole. Walizungumza kwa Kisukuma cha taratibu, habari za watu waliooana, waliohama, waliokufa. Bibi alikohoa, na mama aliinua kichwa mpaka kikohozi kiishe. Nilimsikia siku moja akisema, "Mayu, nipe ruhusa japo ya kuja kukukanda mgongo." Bibi akamjibu, "Mgongo ni wangu mwenyewe, ningekupa leo hii. Mtama ni wa watu wengi."

Maneno hayo nimekuja kuyaelewa baadaye. Bibi hakuwa anashindana na mtoto wake. Mashamba ya majirani yalishikana na ya mjomba, na mbegu zote zilikuwa ardhini. Mawingu yalikuwa yakijikusanya mchana, meusi kabisa, kisha yanasogea upande wa mashariki na kutuacha. Majani ya mtama yalianza kujikunja. Mzee mmoja jirani alipita njiani, akasimama mbele ya kibanda chetu, akamsalimia mjomba kwa sauti ya kusikika na wote: "Nkinda, wageni wako wanaondoka lini?"

Kisha ikaja alasiri ambayo kigoda kilikaa kitupu.

Mama alingoja kwenye uzio mpaka ng'ombe wakarudi. Kesho yake vilevile. Kikohozi sasa tulikisikia kutoka ndani ya nyumba, kifupi, kama cha mtu anayetunza nguvu. Mjomba alipotoka, alisema tu, "Hainuki."

Baba alifungua mkoba wake wa kazi, akatoa vidonge, akamweleza mjomba namna ya kuvitoa, vingapi asubuhi na vingapi jioni. Alieleza mara mbili. Mjomba aliingia, akakawia, akarudi.

"Amevipokea. Ameviweka chini ya mkeka."

"Chini ya mkeka havifanyi kazi, shemeji."

"Nimemwambia hivyo hivyo. Anasema atavimeza akipewa na Minza."

Baba alifunga mkoba. Mimi na Limi tulikuwa tumekaa mlangoni, na hakuna aliyekumbuka kututuma mbali. Mama alisimama mbele yake.

"Baba Mabula. Sijawahi kukuomba kitu kizito."

"Ingia tu," baba alisema. "Nani atakuzuia? Ule ni mpini wa jembe."

"Nikiuruka atanifukuza kwa sauti ya mwisho aliyo nayo. Na mtama ukikauka, Nkinda ataishi vipi na watu hapa? Sisi tutapanda lori."

"Unataka tukatukanwe kwa ngoma mbele ya watoto hawa?"

"Nataka kumwona mama yangu."

"Na padri?"

"Padri naye ana mama," mama alisema.

Sijui baba alifikiri nini. Alikuwa mtu ambaye uso wake haukusema habari za moyo wake, na mimi nimeurithi uso huo. Alikaa kwenye kigoda, akakifungua kitabu cha sala, akakifunga. Mwishowe akamwita mjomba. Alitoa masharti: ngoma isipigwe, nyimbo zisiimbwe, watu wasikusanyike. Maji yanyunyizwe, basi.

Mjomba alimleta Mama Ngolo, mwanamke mzee wa jirani aliyewahi kuzaa mapacha, na kwa hiyo mwenye haki ya kuwaosha wengine. Alisikiliza masharti ya baba hali ameshika kiuno.

"Bila nyimbo, dawa hii ni maji ya kuoshea vyombo," alisema. Kikohozi kikasikika kutoka ndani. Mama Ngolo akageuza kichwa kusikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Haya. Nitaimba kimoyomoyo."

Tulisimama kwenye pengo asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mama Ngolo alikuwa na nusu ya kibuyu chenye maji ya majani yaliyopondwa, na kitawi cha kunyunyizia. Baba alisimama pembeni, mikono ameifunga kifuani, anatazama barabara kana kwamba anangoja mtu mwingine kabisa. Mama alikuwa amembeba Kosma mbele na Damiano mgongoni.

"Tunaanza na Kulwa," Mama Ngolo alisema. "Siku zote ni Kulwa. Nikianza na mdogo, kazi yote inakwenda kinyumenyume, bora tusingeanza. Kulwa ni yupi?"

"Huyu," mama alisema, na kumsogeza Kosma.

Mama Ngolo alichovya kitawi na kukiinua.

"Siyo huyo," baba alisema.

Sote tuligeuka. Baba alikuwa bado anatazama barabara. Kisha akaufungua mkono mmoja na kuunyoosha kuelekea mgongo wa mama.

"Kulwa ni yule."

Lilikuwa neno ambalo alitukataza kulisema, na nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake. Mama hakuamini. "Dominiko, una hakika? Padri alianza na huyu."

"Padri alianza na aliyepewa. Wasimamizi walibadilishana watoto pale mlangoni pa kanisa. Niliona, nikaona haina maana. Siku walipozaliwa nesi hakuwepo, na wewe ulikuwa umezimia. Niliwapokea mimi. Aliyetangulia ni yule mwenye alama ya kuzaliwa nyuma ya sikio."

Mama Ngolo alimzunguka mama, akalikunja sikio la Damiano, akatazama. Akaguna. Kisha akamnyunyizia yeye kwanza, na Kosma akafuata, na mama, na mimi na Limi. Maji yalikuwa baridi, yananuka kama nyasi zilizokatwa.

"Baba wa mapacha, sogea na wewe."

Baba alivua kofia yake, akasogea. Mama Ngolo alimnyunyizia mabegani na miguuni, na muda wote midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nadhani aliuimba wimbo mzima, beti zote, na nadhani baba aliyaelewa maneno kwa kusoma midomo, kwa sababu masikio yake yaliiva kwa aibu. Lakini alisimama wima mpaka mwisho.

Mjomba akainama, akauokota mpini wa jembe.

Mama aliingia kwa mwendo wa kawaida wa mwanamke mwenye watoto wawili mwilini. Alipofika katikati ya uwanja alianza kukimbia. Sisi tulimfuata. Nilipita karibu na zizi, na ndama alikuwepo, na sikumtazama. Ndani mlikuwa na giza, na harufu ya moshi na ya mtu mgonjwa. Bibi alikuwa mdogo kuliko nilivyomwona penye pengo. Mama alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya mkeka, akavitoa vidonge, na bibi akavimeza kimoja kimoja kwa maziwa, akiushikilia mkono wa mama uliokuwa na kibuyu. Hakuuachia hata alipomaliza. Kisha aliomba watoto. Mama aliwalaza pembeni yake. Bibi, aliyekuwa amesikia yote kutoka ndani, alipapasa nyuma ya masikio yao, akampata aliyekuwa akimtafuta, na kumwita jina lake. Akamwita na wa pili.

Hakupona. Aliishi siku chache, na siku hizo zote mama alilala kwenye mkeka uleule, akamkanda mgongo alivyotaka. Baba alibaki kibandani kwa heshima ya mkwe, akipeleka vidonge kupitia kwa mama. Bibi alizikwa ndani ya uzio, karibu na zizi, na jioni baada ya kumzika mvua ikanyesha, kubwa, ya kulaza mtama na kuuinua tena. Majirani walisema dawa imefanya kazi. Baba alisema mwezi wa Desemba mvua hunyesha. Mjomba, macho yakiwa mekundu kwa kulia, alimwambia, "Shemeji, tungekuosha mapema."

Nimefikiria mara nyingi kwamba mzaha ule ulimwingia baba kuliko mingine yote.

Tuliporudi Somanda alikwenda mwenyewe kumweleza padri, kabla wengine hawajampelekea habari. Alisema uamuzi ulikuwa wake, akafungiwa sakramenti yeye peke yake. Kwa kipindi kirefu alikaa benchi la mwisho kanisani, yeye aliyezoea la mbele, na wakati wa komunyo alibaki ameketi huku tukimpita. Hakulalamika. Na marufuku yake ya majina haikutangazwa kwamba imekwisha, ila ilikwisha. Damiano ni mzee sasa, anaishi Lagangabilili, na ukimwulizia kwa jina la ubatizo hakuna atakayekuonyesha nyumba yake. Waulizie Mzee Kulwa.

Nilipokuwa mtu mzima, na baba amestaafu, nilimwuliza swali moja. Nilimwuliza kwa nini hakunyamaza siku ile. Hakuamini ile dawa. Kitawi kilikuwa kimeshainuliwa, hakuna mtu mwingine duniani aliyejua, na mama angeingia vilevile.

Alinitazama kama mtu anayeona sikumsoma vizuri.

"Waliuliza ni nani aliyetangulia kuzaliwa," alisema. "Hilo siyo jambo la imani. Mimi nilikuwepo."

Lipo swali la pili ambalo sikumwuliza, nalo ni kama vidonge vile vingemezwa siku ile ya kwanza tulipofika. Yeye alikuwa dresa, alijua jibu lake kunizidi, na nilimwona akilibeba. Kuhusu mvua sina la kusema. Wajukuu zangu hupenda niwaambie kama iliitwa au ilijiendea, na mimi huwajibu kwamba sikuwa na umri wa kujua, jambo ambalo si kweli kabisa. Hata kwa umri huu nilio nao sijui. Ninachojua ni kidogo zaidi. Bibi yangu alikataa kumkumbatia mtoto wake mpaka itakapokuwa halali kwa majirani zake, na baba yangu alipoingia katika jambo asiloliamini, hakukubali lifanywe kwa uongo. Mama alisimama kati ya watu hao wawili akiwa na watoto mwilini, akangoja. Wakati ule niliona nimenyimwa maziwa. Leo nikikumbuka Lingeka, ninayemwona ni yeye, pale katikati ya uwanja, anaanza kukimbia.